Muulize Anko: Wakiondoka hawa, nabaki na timu gani?

Barua za mara hii karibu zote ni za besiboli. Nadhani ni kwa sababu World Series ya 2025, yaani fainali ya ligi kuu ya Marekani, imeisha, baridi imeingia na watu hawana tena pa kupeleka presha zao kila jioni. Nimechukua 3. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana aliyeandika anaumwa kweli, wengine mnivumilie.

Shikamoo Anko,

Mimi nipo Seattle, Mariners, timu ya hapa, nilianza kuwafuata kwa sababu ya jamaa mmoja wa kazini tu, alinipa tiketi moja ya bure na tangu hapo nikanasa. Anko silali vizuri tangu tarehe 20 Oktoba. Unajua mwenyewe, gemu ya 7 kule Toronto, tunaongoza 3-1, inningi ya 7, yaani awamu ya 7 kati ya 9, tumebakiza kutoa watu 8 tu tuingie World Series ambayo timu hii haijawahi kuiona tangu ianze 1977, halafu Springer wao anaupiga ule mpira wa Bazardo, mrushaji wetu. Nilizima tivii kabla haujatua. Nilijua.

Sasa hilo limepita, nakubali, lakini kinachoniua ni hii baridi, kipindi cha usajili. Naylor wa besi ya kwanza wamemsaini, sawa, nilifurahi mpaka nikamwamsha mtoto. Lakini wapigaji wetu Polanco na Suárez mikataba imeisha, wako huru, na kila nikisoma naona watu wanasema Suárez aachwe aende. Anko mtu kapiga homurani 49 mwaka mmoja, mipira 49 ya kutoka nje ya uwanja, unamwachaje? Besi ya tatu atacheza nani, Williamson mwenye homurani moja? Halafu wengine wanasema eti tutoe mrushaji mmoja kati ya wale wetu tupate mpigaji. Na nilidhani mchezaji mkubwa akiondoka timu inafidiwa nafasi kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, mbona nasikia kwa Suárez hatupati kitu? Nisaidie, wakiondoka hawa nabaki na timu gani, niogope au nisiogope?

Nisiyelala, Seattle

Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza la Bazardo tulimalize hapa hapa. Mimi pia nilikuwa nimesimama nyuma ya kochi napiga kelele wamlete Muñoz, mrushaji wetu wa kumalizia gemu, na kama ningekuwa meneja ningemleta, ila mimi si meneja, na ungekuwa mpira mwingine angeutoa tu chini mtu akaudaka na leo tungekuwa tunamsifu meneja Dan Wilson kwa akili. Usibebe hiyo gemu uende nayo kwenye hesabu za usajili, na naona ndicho unachofanya.

Maana angalia unavyomkumbuka Suárez. Unamkumbuka gemu ya 5 na hao hao Toronto pale nyumbani, inningi ya 8, Raleigh wetu kashapiga ule mpira uliopaa juu mpaka ukadhani haurudi chini na gemu ikawa sare, besi zote zimejaa, Suárez akapiga ya watu wanne na uwanja ukalipuka, 6-2. Na ilikuwa ya pili kwake usiku huo. Nani asahau? Mimi sisahau. Lakini sasa chukua zile 49 uzigawe. 36 alizipiga akiwa Arizona kabla hajaja kwetu mwisho wa Julai, kwetu alipiga 13, na wastani wake akiwa na jezi yetu msimu wa kawaida ulikuwa .189. Yaani mara 10 anazopiga, 8 anarudi kukaa bila kitu, na nyingi ya hizo ni straiki 3, hata mpira hajaugusa. Ana miaka 34. Na uwanja wetu unaujua, usiku wa Aprili hewa ni nzito, mpira ambao kwingine ungeanguka kwenye viti hapa unaishia kwenye glavu mbele ya ukuta, wapigaji wenyewe wanajua na ndiyo maana wengi wakiwa huru hawatukimbilii.

Atakayemsaini hainunui gemu ya 5, ile imeshapigwa na imeshalipwa. Ananunua Suárez wa miaka 35 na 36. Unamkumbuka Chris Davis wa Baltimore? Mwaka 2015 alipiga 47, watu wakasema hivyo hivyo, unamwachaje mtu wa 47, wakampa miaka 7 kwa dola milioni 161. Mwaka 2018 wastani wake ulikuwa .168, halafu kati ya mwisho wa msimu ule na mwanzo wa uliofuata akaenda mara 54 bila hit hata moja, mpaka mashabiki wa nyumbani wakaanza kumhurumia badala ya kumzomea, na ukiona umefika hapo ujue hali ni mbaya. Alistaafu 2021 mkataba bado haujaisha. Sisemi Suárez ni Davis. Nasema mtu wa nguvu nyingi na straiki nyingi akianza kushuka haoni ngazi, anaanguka tu.

Kwa hiyo jibu langu: mwaka mmoja, mlete, nitampigia makofi. Miaka 3, aende na Mungu ambariki. Na kuna kituko ambacho wewe huenda hukijui, huyu Suárez alikuwa wetu 2022 na 2023, baridi ya 2023 menejimenti hii hii ikampeleka Arizona kwa sababu hawakutaka kulipa mshahara wake, halafu Julai mwaka huu wakatoa vijana 3 kumrudisha kutoka huko huko Arizona. Kwa hiyo kama una hasira nao unayo haki, ila hasira iwe ya 2023.

Hilo la fidia sasa. Ulichosikia ni kweli na sababu yake ni rahisi. Timu inaweza kumpa mchezaji wake anayekuwa huru ofa ya mwaka mmoja kwa kiwango kimoja kilichopangwa kwa wote, mwaka huu wa 2025 ni dola milioni 22.025, ni wastani wa mishahara 125 ya juu kabisa kwenye ligi. Akikataa akasaini kwingine, timu aliyoiacha inapata nafasi ya ziada kwenye drafti. Lakini lazima awe amekaa na timu hiyo msimu mzima, na hajawahi kupewa ofa hiyo maishani. Suárez kaja Julai, Naylor naye kaja Julai, kwa hiyo hawastahili. Ndiyo bei ya kununua mtu katikati ya msimu, unapata miezi yake 2 na ile gemu ya 5, akiondoka ameondoka. Polanco yeye alikuwa nasi mwaka mzima ila kumpa ofa ya milioni 22 ingekuwa hatari, angeikubali mchana huo huo na mimi ningekuwa yeye ningeikubali nikiwa bado nimevaa ndala.

Kwa Polanco hapo moyo wangu uko tofauti. Huyu mwaka jana alikuwa hovyo, .213, goti lilikuwa bovu na alikuwa analicheza hivyo hivyo, wakamkatalia opsheni yake ya mwaka wa ziada ya milioni 12 halafu wakamrudisha kwa milioni 7.75, watu mtaani tukacheka. Mwaka huu, goti likiwa limeshafanyiwa upasuaji, akapiga homurani 26, na ule usiku na Detroit inningi ya 15, saa nyingine kabisa, watu wamechoka hata kusimama, yeye ndiye aliyetulaza. Ana miaka 32. Anapiga kutoka pande zote 2, hatolewi kwa straiki ovyo, na hiyo ndiyo tuliyoikosa miaka yote hii, timu iliyojaa watu wa kupiga mbali au kukosa kabisa. Miaka 2 ningempa bila kufikiria. Shida ni kwamba glavu yake siku hizi ni ya kukopa, msimu mwingi amekaa kama mpigaji tu, na kuna timu zenye pesa ambazo zitamtaka. Akiondoka huyo ndiye nitamlilia, si Suárez.

Naylor umesema ulifurahi na mimi pia. Miaka 5 kwa dola milioni 92.5, ana miaka 28 tu, na sijui kama umewahi kumwangalia vizuri akiwa besi ya kwanza, mwili ule si wa mtu wa mbio, ni kati ya watu wazito kabisa miguu kwenye ligi, lakini mwaka huu kaiba besi 30, yaani kukimbilia besi ya mbele mpira haujapigwa, 19 kati ya hizo akiwa kwetu kwa miezi 2. Anasoma mrushaji. Anaangalia bega, anaangalia kisigino, akijua kwamba jamaa hawezi kugeuka tena anaondoka taratibu kama mtu anayekwenda kuchukua maji. Kitu kama hicho hakiishi mtu akifika miaka 31, kasi inaisha, macho hayaishi. Hiyo ni hela ambayo mimi naielewa.

Sasa la kutoa mrushaji, hapo ndipo nakwambia ogopa. Gilbert, Kirby, Woo, Miller, Castillo, hiyo ndiyo timu. Najua hoja yao, Gilbert anaweza kuondoka baada ya 2027 na thamani yake kwenye soko leo ni kubwa kuliko itakavyokuwa kesho, hesabu si ya kijinga. Lakini mwaka huu umeona wenyewe walivyopokezana majeraha, mtu anarudi mwingine anaingia wodini, warushaji 5 kwenye karatasi ni 3 na nusu mwezi Agosti. Na mji huu una kidonda chake. Februari 2008 tuliona tumebakiza mrushaji mmoja tu tuwe mabingwa, tukatoa Adam Jones na Chris Tillman na wengine 3 tukamchukua Erik Bedard wa Baltimore. Mwaka ule tulipoteza gemu 101. Jones akawa nguzo ya Baltimore miaka 11. Kile kilikuwa kinyume chake, tulinunua mrushaji, ila ugonjwa ni ule ule, timu inajidanganya kwamba imebakiza mtu mmoja.

(Na tukiwa kwenye vidonda, mwaka 1996 tulimtoa kijana mmoja wa ligi ndogo, enzi hizo anaitwa David Arias, kwenda Minnesota. Baadaye akaanza kutumia jina la Ortiz. Tutarudi kwake kwenye barua inayofuata.)

Umeniuliza ukibaki na timu gani. Ngoja nikupeleke nyuma kidogo maana naona wewe ni wa juzi juzi. Mwaka 1998 Mariners walimtoa Randy Johnson. Februari 2000 Ken Griffey Jr. akataka kwenda Cincinnati, akaenda. Msimu wa 2000 ulipoisha Alex Rodriguez, A-Rod, akawa huru akasaini Texas, miaka 10, dola milioni 252, kiasi ambacho wakati ule hakuna aliyewahi kukisikia. Watu 3, wote wa daraja la juu kabisa, ndani ya miaka isiyofika 3. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kutolala ni shabiki wa Seattle wa Desemba 2000. A-Rod aliporudi Aprili 2001 na jezi ya Texas walimrushia noti za bandia, zikawa zinapepea uwanjani kama majani.

Mwaka huo huo timu ikashinda gemu 116.

Kwa sababu ile baridi Pat Gillick, bosi wetu wa usajili, hakukaa analia. Alilipa dola milioni 13.125 Japani kwa timu ya Orix ili tu aruhusiwe kuzungumza na Ichiro, ambaye wengi hapa Marekani walisema ni mwembamba mno, Ichiro akapiga hit 242 akawa chipukizi bora na mchezaji bora kwa mpigo mmoja. Bret Boone akamleta kwa milioni 3.25, akapiga homurani 37 na kuingiza watu 141. Mike Cameron aliyetoka kwenye dili la Griffey alikuwa kati ya uwanja, Freddy Garcia na Carlos Guillen waliotoka kwenye dili la Johnson wapo wote. Bahati ilikuwepo, sikatai, hakuna anayeweza kupanga Boone apige 37. Lakini ona, walipompoteza A-Rod hawakutafuta A-Rod mwingine.

Na hofu yako ikitaka mahali pa kukaa, ipeleke kwenye miaka 2 iliyofuata. 2002 walishinda 93, 2003 wakashinda 93 tena, kila Julai mashabiki wanaomba mpigaji mmoja, mmoja tu, na ofisi inasema kikosi kinatosha. Hawakuingia pleyofu, ile hatua ya mtoano, hata mara moja kati ya hizo, na baada ya hapo timu haikuonja pleyofu mpaka 2022. Aliyetuua hakuwa staa aliyeondoka, ilikuwa baridi ambayo hakuna kilichotokea. Kwa hiyo usiangalie nani anaaga, angalia ile hela ya Polanco na Suárez imekwenda wapi. Wakimwacha Suárez wakaleta mtu wa besi ya tatu anayegusa mpira, au wakamwamini Colt Emerson ambaye ana miaka 20 tu na tayari ameshafika daraja la mwisho kabla ya ligi kuu, mimi nitalala. Wakimwacha wakasema Williamson na glavu yake wanatosha, nipigie simu tusilale wote.

Springer naye ana miaka 36 tayari. Haisaidii, ila nimeona nikwambie.

Mwanangu unayejiita Anko,

Mimi ni mtu mzima, nipo Minneapolis, na Twins nimeanza kuwaangalia kabla hujajua kusoma. Julai hii wamenitoa wachezaji 10 kwa siku chache tu kama watu wanaohama nyumba usiku, Correa, Duran, Jax, wote. Hata Varland, kijana wa hapa hapa kwetu, nikamwona World Series na jezi ya Toronto. Sasa naambiwa warushaji wetu Joe Ryan na Pablo López nao wanauzwa. Nieleze mambo 2 tu, hawa vijana tuliopewa watakaa wapi, na hii habari ya kulindwa watu 40 maana yake nini, mjukuu wangu kanieleza sikumwelewa.

Mzee wa Target Field

Shikamoo mzee wangu. Mjukuu asilaumiwe, sheria yenyewe imeandikwa kama haitaki kueleweka.

Uwanjani timu ina watu 26. Lakini nyuma yake kuna orodha ya 40, na hiyo ndiyo boma. Aliye ndani haguswi. Aliye nje, akishakaa kwenye ligi ndogo muda wa kutosha, misimu 5 kama alisaini akiwa na miaka 18 au chini, misimu 4 kama alikuwa mkubwa kidogo, timu yoyote inaweza kumchukua mwezi Desemba kwa dola 100,000. Masharti ni kwamba aliyemchukua lazima amweke kwenye wale 26 msimu mzima, akishindwa amrudishe kwa nusu ya pesa. Ndiyo maana kila Novemba unaona majina ya ajabu yanaongezwa na watu wazima wanatolewa, wanaweka vijana ndani ya boma kabla mlango haujafungwa. Na ukitoa watu 10 wazima ukapewa vijana, mzee, boma linajaa haraka, hapo ndipo unaanza kufanya makosa.

Timu yako imeonja pande zote 2 za kitu hiki. Desemba 1999 Johan Santana alikuwa ameachwa nje ya boma na Houston, akachukuliwa, siku hiyo hiyo akaishia Minnesota. Mwaka wa kwanza alikuwa mbaya, kwa kila inningi 9 anaruhusu watu zaidi ya 6 kufika nyumbani, lakini ilibidi wavumilie maana wakimshusha wanampoteza. Wakavumilia. Akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, 2004 na 2006. Pittsburgh walimpata Roberto Clemente kwa njia hiyo hiyo mwaka 1954, Dodgers walimficha kwenye ligi ndogo wakadhani hakuna aliyemwona.

Upande wa pili unaujua na nasikitika kukukumbusha. Desemba 2002 Twins walichagua kijana anaitwa Jose Morban kwa njia hii hii ya Desemba, nafasi haikuwepo kwenye 40, wakamwachia mpigaji wao mmoja mzito anayeumia umia na ambaye mshahara wake ungepanda. Morban hata Machi hakumaliza na timu. Yule mzito alikuwa David Ortiz. Boston wakamchukua kwa dola milioni 1.25, akawapa mataji 3, 2004, 2007 na 2013, na sasa yuko kwenye jumba la magwiji. Seattle walimtoa, Minnesota wakamtema, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona. Kwa hiyo mtu akikwambia anajua hawa vijana wa Julai watakuwa nani, mwombe akununulie chai kwanza.

Kuhusu Ryan na López, maoni yangu ni moja, wasimame katikati ya mto wasizame. Mmeuza bulpeni nzima, yaani warushaji wa kuingia katikati ya gemu, na bulpeni ndicho kitu rahisi zaidi kujenga upya, kila mwaka watu wasiojulikana wanatokea wanarusha maili 98 kwa saa. Mrushaji wa kuanzisha gemu hatokei hivyo. Wote 2 mnao mpaka 2027, Buxton naye mkataba unafika 2028 na hawezi kupelekwa popote bila yeye kukubali. Ukiwa na hao 3 una timu mbovu yenye mgongo. Ukiwauza, mzee, wewe na mjukuu mtakuwa mnaangalia ligi ndogo kwa bei ya ligi kuu, na Correa bado mnamlipia sehemu ya mshahara akiwa Houston, dola milioni 33, hilo halinitoki kichwani na si timu yangu hata.

Kaka Anko habari,

Mimi besiboli siijui na sitaki kuijua. Mume wangu tangu msimu uishe anaamka saa 8 usiku anaangalia simu, namuuliza vipi anasema "wanaongea na wakala." Nani anaongea na nani sijui. Hii inaisha lini?

Mke wa Mtu

Dada yangu pole sana, habari zake nazijua, sidhani ni yule wa Seattle lakini siwezi kuapa.

Ratiba ni hii. Wiki ya pili ya Desemba wakubwa wote wa timu wanakutana Orlando, hiyo wiki usimpe kazi yoyote inayohitaji akili, atakubali kila kitu na hatafanya. Baadaye kuna utulivu wa sikukuu, atapata nafuu, utadhani amepona. Januari inarudi maana wale ambao hawajasainiwa wanaanza kushuka bei na timu zinawanyemelea. Katikati ya Februari warushaji na wadakaji wanaripoti Arizona na Florida, hapo ataanza kukuonyesha video za watu wazima wanarushiana mpira bila gemu, mwangalie tu. Mwisho wa Machi ligi inaanza na hatakuwa anaamka saa 8 tena, atakuwa bado hajalala.

Ukitaka kumsaidia, mwambie wakala akiongea na timu saa 8 usiku kwa kawaida lengo lake ni timu nyingine isikie, kwa hiyo ile habari ilitengenezwa kwa ajili ya mabosi si kwa ajili yake, na asubuhi itakuwa imekanushwa. Dili la kweli likitoka halikimbii, atalikuta wakati wa kifungua kinywa.

Ila kuna kitu ambacho sikushauri umwambie sasa hivi, ngoja kwanza apate usingizi. Makubaliano kati ya wachezaji na wenye timu yanaisha tarehe 1 Desemba 2026. Yalipoisha mara ya mwisho, 2021, wenye timu walifunga milango siku 99, hakuna kusaini, hakuna kutoa mtu wala kupokea, hakuna wakala kuongea na yeyote. Mume wako alikuwa anaangalia simu hivyo hivyo, muulize.